Siku Niliyomjibu Nesi Kwamba Hakuna

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi mbele ambako feni inafika, na asifiwe zaidi na ninyi mlioketi kule nyuma karibu na mlango. Ejok, akina mama, nawasalimu kwa Kiturkana. Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Nekesa, fundi wa nguo pale sokoni. Nusu ya sare za shule mnazoziona hapa Lodwar zimepita mikononi mwangu, na zile ambazo mishono imefumuka, hizo ni za fundi mwingine.

Nimewahi kusimama hapa nikashuhudia juu ya cherehani yangu iliyoibwa ikapatikana, na juu ya mgongo wa mume wangu ulivyopona. Zile zilikuwa shuhuda nyepesi, mlipiga vigelegele nikaenda kuketi. Leo sina vigelegele. Leo nashuhudia uongo niliousema kwa miaka ishirini na sita, na jinsi ulivyobakiza kidogo tu umuue ndugu yangu. Yeye mwenyewe ameniruhusu niseme, kwa sharti moja ambalo mtalisikia nikifika mwisho.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa Kimilili. Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Simiyu, nami nimemtangulia miaka minane. Baba yetu alikuwa mkulima, na alikuwa watu wawili ndani ya shati moja. Kuna miezi alilima kutoka alfajiri, akaenda kuwalimia na majirani bila kuombwa, akaimba, akavuta wapita njia waje kula kwetu, akaanza kuchimba kisima mahali ambapo kila mtu alijua hakuna maji. Halafu inakuja miezi mingine. Analala ameuelekea ukuta, hataki kunawa, hataki uji, na ukimuuliza anakuambia yeye ni mzigo kwetu. Watu walisema ana vipindi. Wengine walisema hata babu yake alikuwa hivyo, wakacheka, mazungumzo yakaishia hapo. Hakuna aliyesema huyu ni mgonjwa. Mtu akivunjika mguu tulimbeba, lakini huyu tulimsubiri tu aamke.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, katika kipindi kibaya kama hicho, baba alijiua.

Kwetu, mtu aliyekufa hivyo haliliwi. Wazee walimzika haraka asubuhi, bila wimbo, bila mchungaji, bila mtu kuketi matanga. Banda alimofia likabomolewa na mbao zikachomwa moto. Na jina lake likafungwa. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia ili asipotee kwenye ukoo, na huyu walitaka apotee, kwa hiyo jina lisitajwe na mtoto yeyote asipewe. Mama alituketisha jikoni akatuambia, mkiulizwa, semeni malaria.

Nami nikasema malaria! Nilisema malaria shuleni, nikasema malaria kwa wakwe, nikasema malaria kwa mume wangu ambaye tumelala kitanda kimoja miaka kumi na minane. Baba Nekesa, naona unavyoniangalia. Nilikuomba msamaha nyumbani, nakuomba tena hapa mbele ya watu.

Mama hakuishi sana. Moyo ulimsumbua, na baada ya miaka mitatu tukamzika, yeye kwa nyimbo na chai na umati. Mimi nikabaki na Simiyu, yeye ana miaka tisa, mimi kumi na saba, na mtu wa miaka kumi na saba anajua nini kuhusu kulea? Nilimlea kwa fimbo. Alikuwa mtoto mwenye moyo karibu na ngozi. Akifurahi anafurahi kupita kiasi, akihuzunika haambiliki. Tena alikuwa na jambo moja alilotaka kuniambia kila mara, kwamba alimwona baba kule bandani. Nikamwambia, uliota. Akirudia, nampiga. Akikaa kimya siku nzima, namwambia, "Unataka kuwa kama yule?" Sikumwambia yule ni nani, wala hakuuliza. Baadaye akaacha kabisa kunisimulia, nami nikamshukuru Mungu kwamba mtoto amekua.

Ndugu zangu, nilimshukuru Mungu kwa hilo! Naomba anisamehe hata shukrani zangu.

Miaka ikapita. Niliolewa, mume wangu akahamishiwa huku kwa kazi ya ofisi ya serikali, nikaja na cherehani yangu. Simiyu akasoma ualimu, akapata kazi Kakuma, kwenye shule ya msingi kule kambi ya wakimbizi. Watoto walimpenda sana. Alifundisha darasa lenye Wasomali, Wasudani na Wakongo, na kila mmoja alimsalimia kwa lugha yake. Nilijivuna. Nikajisemea, tazama, yule mtoto wa fimbo zangu amekuwa mtu. Nilikuwa na msemo wangu, yaliyopita si ndwele, na niliusema mpaka mashine ikaujua. Kumbe kwetu sisi ndwele yenyewe ilikuwa ndani ya hayo yaliyopita.

Mwaka wa 2012 Simiyu akaanza kubadilika. Alikuwa halali. Alinipigia simu mara sita kwa siku akiwa na mipango, atajenga shule ya watoto wa wachungaji wa mifugo, atapanda miti kutoka Kakuma mpaka Lodwar, Mungu amesema naye. Alikuja hapa, kanisa hili, akaomba nafasi ya kusalimu watu akahubiri karibu saa moja na nusu bila kunywa maji. Mnakumbuka? Mlipiga makofi! Mimi niliyapiga kuliko ninyi nyote. Nilidhani ni upako. Moyoni kulikuwa na kitu kidogo kikiniambia, ulishakiona kisima hiki kikichimbwa, lakini nilikizima kwa nyimbo.

Haikupita miezi miwili akaanguka upande wa pili. Mwalimu mkuu alinipigia akaniambia ndugu yako haji kazini, amelala tu. Nilimleta hapa Lodwar, nikamwombea, akina mama wa maombi wakaja, na tulipoona haamki nikampeleka hospitali. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Tulipokelewa na nesi wa mambo ya akili, binti wa hapahapa, mpole, mwenye sauti ya chini. Alituketisha, mimi huku Simiyu kule, akafungua faili. Akamuuliza Simiyu maswali, naye akamjibu kwa neno mojamoja. Halafu akanigeukia mimi. Akaeleza kwamba hali hii ya mtu kupanda juu sana kisha kushuka chini sana ni ugonjwa, unaitwa bipolar, una dawa, na si laana. Akasema mara nyingi hutembea kwenye familia. Akauliza alivyolelewa. Nikasema, kawaida. Akauliza kama alipigwa sana. Nikasema, kawaida, kama watoto wote. Akaandika. Kisha akauliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kujiua.

Nikasema, "Hakuna."

Nililisema haraka, kama mtu anayeulizwa kama ana ndugu gerezani. Simiyu aliinua uso akanitazama. Nesi alikuwa ameinama anaandika, hakuona. Mimi niliona. Kisha Simiyu akarudisha macho kwenye kandambili zake.

Ndugu zangu, sikilizeni uzito wa neno moja. Yule nesi alinieleza kwa nini anauliza. Alisema kama yupo mtu wa hivyo, na kama mgonjwa aliumizwa utotoni, basi hatari inakuwa kubwa zaidi, naye angetaka kumwona Simiyu kila wiki, asiishi peke yake, na dawa zishikwe na mtu mwingine. Lakini kwa kuwa hakuna, atampa dawa arudi baada ya miezi miwili. Alinieleza wazi, kwa Kiswahili, ana kwa ana! Nami nikiwa nimeusikia ukweli wote huo, nikakunja cheti, nikasema asante nesi, nikamchukua ndugu yangu nikaenda kumpikia chai. Sikuwa mjinga. Ningekuwa mjinga leo ningekuwa na pa kujificha.

Alirudi Kakuma. Mimi nikarudi kwenye mashine. Mafuta yalikuwa yamepatikana kule upande wa Lokichar, wakandarasi wakamiminika, nami nikapata kazi ya kushona ovaroli. Nilikuwa nikimpigia Jumapili, namuuliza unakunywa dawa, anasema ndiyo, namwambia omba, anasema sawa. Miezi miwili ilipoisha hakuja. Nikasema atakuja.

Sasa nataka mumjue mwanamke anayeitwa Nakiru. Ni mama wa Kiturkana anayeishi jirani na nyumba aliyopanga Simiyu, anasuka vikapu vya majani ya mikoma na kuuza mkaa. Hakusoma. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2013, wakati kila mtu anazungumza uchaguzi, alipata namba yangu kwa walimu akanipigia.

Akaniambia, "Dada ya mwalimu, kuja. Mwalimu amenipea blanketi yake, amenipea redio, mbuzi yake pia amenipea. Nimeuliza unasafiri wapi, anasema haendi mahali. Mtu anapeana vitu yote na hana safari, mimi naogopa hiyo."

Nikamwambia asante mama, mpe simu. Nikaongea na Simiyu. Nilimwambia aache mawazo, nikamwombea kwenye simu maombi marefu mazuri, nikasema amina, na yeye akasema amina. Halafu nikaendelea kushona. Ovaroli zilikuwa zinatakiwa kesho yake. Ndugu zangu, nimejiuliza mara ngapi, kama ingekuwa ni baba amefufuka, je, ningemaliza mkono wa ovaroli kwanza?

Kesho yake Nakiru akapiga tena. Hakubembeleza. Alisema, "Mimi nimekaa kwa mlango yake tangu jana. Siwezi kukaa peke yangu. Huyu ni wako." Akakata.

Maneno hayo yaliniamsha kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Niliacha nguo mezani sindano ikiwa ndani, nikapata nafasi kwenye lori la unga linalokwenda Kakuma. Njia nzima sikuomba kwa maneno. Nilikuwa nasema tu, Mungu wangu, asifike kabla yangu, na sikuthubutu hata kumtajia Mungu kwamba asiyetakiwa kufika ni kifo.

Nilimkuta Nakiru ameketi kizingitini, anasuka. Kikapu kilikuwa kimefika nusu. Hakuwa amemhubiria Simiyu, hakuwa amemkemea, alikuwa amemletea chai ya maziwa na kuketi, na kila alipotoka Simiyu kwenda msalani, anasimama naye, anarudi naye. Aliniambia mwalimu alimwomba aende nyumbani kwake akapumzike, naye akamjibu kikapu hakijaisha.

Ndani, Simiyu alikuwa amelala ameuelekea ukuta. Niliuona ule mgongo. Ulikuwa mgongo wa baba.

Nikaketi chini. Nilianza, kama kawaida yangu, nikamwambia Mungu anakupenda Simiyu. Hakugeuka. Nikamwambia ufikirie watoto wa shule. Hakugeuka. Baada ya muda mrefu akazungumza akiuambia ukuta.

"Dada, kwa nini ulimwambia nesi hakuna?"

Nikasogea karibu na mgongo wake.

"Mimi nilikuwa pale," akasema. "Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Nikakimbia jikoni nikakuambia, na wewe ukanipiga kofi ukasema nisiseme uongo."

Ndugu zangu, nawaambia mbele za Mungu, lile kofi nilikuwa nimelisahau. Nilikumbuka wazee, nikakumbuka moshi wa mbao, nikakumbuka hata rangi ya gauni la mama siku ile. Kofi sikulikumbuka. Na pale chini, Kakuma, mkono wangu ukalikumbuka. Mtoto wa miaka sita alikuja kunibebesha nusu ya mzigo, nikamrudishia wote na kofi juu yake.

Akaendelea, polepole, kama mtu asomaye. Alisema amekaa miaka yote hajui kama alimwona baba au aliota kama nilivyomwambia. Alisema ugonjwa huu ulipomshika alijua yule niliyemtishia naye tangu utoto ndiye amekuwa. Lakini aliponisikia hospitalini nikisema hakuna, alijiambia, basi katika ukoo wote huu ni mimi peke yangu niliyeharibika. Na alisema alikuwa ameshachagua siku. Ilikuwa kesho yake.

Mimi ninayejua kuomba mpaka mabati yatetemeke, sikuomba. Nilimshika mgongo nikasema, "Hukuota. Ulikuwa pale. Baba alijiua, alikuwa mgonjwa kama wewe, na mimi nilijua."

Akageuka! Ndugu zangu, ndugu yangu aligeuka kutoka kwenye ule ukuta. Alinitazama kama ananitafuta usoni, halafu akalia, kilio ambacho hakikuwa cha mwalimu, kilikuwa cha mtoto wa miaka sita, na nilimpakata mtu mzima wa miaka thelathini na miwili kwenye mapaja yangu. Tulimlilia baba pale. Baada ya miaka ishirini na sita! Matanga yake yalikaliwa Kakuma, na waombolezaji walikuwa sisi wawili na mama mmoja wa vikapu aliyekuja kusimama mlangoni asiulize kitu.

Mimi ninaita huo wokovu. Nilikuwa nimeokoka miaka mingi, mnajua, nina kadi na nina sare ya kwaya. Lakini siku hiyo ndipo nilipotolewa mahali nilipojificha.

Siku iliyofuata, ile aliyokuwa ameichagua, tulikuwa kwenye gari la kuja Lodwar, sisi watatu. Tulimkuta nesi yuleyule. Nilimwambia, binti yangu, nilikudanganya, fungua faili. Nilidhani atanigombeza, na nilitaka anigombeze. Hakufanya hivyo. Alifungua, akalikata lile neno kwa mstari mmoja, akaanza kuuliza upya taratibu, nami nikajibu upya yote, baba, na babu yake, na fimbo, na kofi. Simiyu akilisikia kila neno. Alilazwa siku kadhaa. Siku hizi anaonana na nesi kila wiki, dawa zinakaa kwa Nakiru, na mimi, akisema tu leo ni nzito, siombi kwenye simu. Ninakwenda.

Sisemi amepona. Mtu asije akaniambia nje, haleluya, Mama Nekesa, ndugu yako amepona. Ana siku mbaya. Mwezi uliopita alikuwa na wiki mbaya kabisa. Lakini amerudi darasani, na juzi alinitania kwamba ushuhuda wangu utakuwa mrefu kuliko yale mahubiri yake ya saa moja na nusu.

Mimi siwezi kumrudishia mtu ile miaka. Hilo ndilo linaloniuma nikiwa peke yangu na mashine. Nafikiri kama mtu angemwambia baba yetu, wewe ni mgonjwa, twende. Nafikiri juu ya mama, aliyekufa na kile kitu kifuani, na watu wakasema ni moyo, na kweli ulikuwa moyo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Nilikuwa nikiwasomea watoto methali hiyo wakati wa mitihani yao.

Ndugu zangu, hapa ndani wapo wenye "malaria" zao. Nimekaa na ninyi miaka mingi, siwezi kuwa mimi peke yangu. Kama nyumbani kwako kuna mtu ameanza kugawa vitu vyake, ama anasema yeye ni mzigo, usimpe maombi kwenye simu. Nenda ukaketi mlangoni kwake na kikapu chako, muulize wazi kama anafikiria kufa, na kumuuliza hakutamtia wazo ambalo hana. Mpeleke hospitali. Na wakikuuliza, sema yaliyopo. Kama ni wewe mwenyewe, niambie mimi, hata leo, hata sokoni mbele ya wateja, nitaizima mashine. Mwamini huyu Mungu. Alikuwa bandani kabla ya wazee kufika, na hakuhitaji tumfichie kitu.

Sasa lile sharti. Simiyu aliniambia, ukisimama kanisani, mimi unaweza kunitaja ama kuniacha, lakini yeye umtaje. Mzee wa kanisa, usinikunjie uso, siombi tuwaombee wafu. Naomba msimame tu kidogo, kwa sababu siku aliyozikwa hakuna aliyesimama.

Baba yetu aliitwa Isaka Wekesa. Alilima vizuri, aliimba vibaya, aliugua, akajiua, na tulimpenda. Asanteni ndugu zangu, na Mungu apewe utukufu. Naona yule aliyeketi nyuma karibu na mlango, na mama wa vikapu aliye kando yake, wameshasimama.